Albatrosi: ndege asafiriye bila kupiga mabawa

Kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, mbali chini ya Madagaska, kuna visiwa vya Crozet, Kerguelen na Marion. Upepo wa magharibi huvuma huko mwaka mzima, kwani hakuna bara la kuuzuia. Hapo ndipo anapozaa albatrosi mzururaji, ambaye mabawa yake, yakitandazwa, hufikia meta 3.5. Hakuna ndege aliye hai anayemshinda kwa hilo.

Mabawa hayo hayapigi sana. Chini, karibu na maji, upepo hupunguzwa kasi na mawimbi. Juu kidogo, huwa mkali zaidi. Albatrosi huupandia upepo uso kwa uso, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyokutana na upepo wenye nguvu na kuinuliwa zaidi. Akiishiwa mwendo hugeuka, akateremka upepo ukiwa mgongoni, kasi ikaongezeka mpaka ncha ya bawa inakaribia kuchana maji. Kisha hupanda tena. Begani ana kano inayolishikilia bawa likiwa limenyooka, hivyo misuli haichoki. Waliompima mapigo ya moyo walikuta kwamba anapoelea angani moyo hupiga karibu sawa na anapopumzika. Upepo ukikatika, naye hutua majini akangoja, kama jahazi lililokosa upepo.

Mwaka 1989 watafiti wa Ufaransa, Pierre Jouventin na Henri Weimerskirch, waliwafunga albatrosi wa Crozet vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti. Safari moja ya kutafuta chakula, huku mwenza akiatamia, ilikuwa kati ya kilomita 3,600 na 15,000.

Yai lenyewe ni moja tu. Huatamiwa kwa takribani siku 78, na kinda hulelewa miezi tisa hivi kabla ya kuruka, ndiyo maana wazazi waliofanikiwa kulea huzaa mara moja kila miaka miwili. Kwa kiumbe wa namna hii, kila mzazi anayekufa ni hasara isiyofidika upesi.

Na wengi hufa kwa ndoana. Meli za jodari hutandaza mshipi wa makumi ya kilomita wenye maelfu ya ndoana. Albatrosi hunusa chakula kutoka mbali, huiwahi chambo kabla haijazama, hunasa, huvutwa chini na kuzama. Kinga zinajulikana na wala si ghali: kutega usiku, kuongeza uzito ili chambo izame haraka, na kufunga nyuma ya meli kamba yenye tepe zinazopepea. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, inazitaka meli za mishipi zilizo kusini ya nyuzi 25 za latitudo ya kusini zitumie angalau mbili kati ya hizo tatu, au kifaa kinachofunika ndoana. Afrika Kusini, kwenye uvuvi wa nyavu za kukokota, kamba za tepe na hatua nyingine zilipunguza vifo vya albatrosi kwa asilimia 99.

Tatizo kubwa sasa ni usimamizi. Kati ya 2018 na 2019 albatrosi wa Crozet na Kerguelen walivalishwa vifaa vinavyonasa mawimbi ya rada za meli. Zaidi ya robo ya meli walizokutana nazo zilikuwa hazitangazi mahali zilipo. Meli iliyojificha hakuna wa kuikagua kama imefunga kamba, na kwa maoni yangu nchi zetu zina haki na wajibu wa kudai waangalizi zaidi ndani ya meli hizo.