Kushea mafaili hakukuanza na Google Drive

Juzi nipo stesheneri moja hapa Ngamiani, Tanga, nasubiri kuprinti, kijana wa kaunta anamwambia mteja eti kabla ya Google Drive ilikuwa ni flashi tu. Hapana mdogo wangu, Google Drive imekuja 2012. Kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems walitoa NFS, mfumo wa kushea mafaili kupitia mtandao, mwaka 1984, na miaka hiyohiyo ya 80 chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani pamoja na IBM wakatengeneza AFS, mfumo mwingine wa aina hiyo, hiyo A ni Andrew, jina la kwanza la Carnegie na la Mellon wote wawili, watu ambao chuo kimepewa majina yao.

Wengine wanadhani AFS inavuta faili upya kutoka seva (kompyuta kuu inayotunza mafaili) kila ukilifungua. Wapi! Kwenye matoleo ya mwanzo faili zima linashuka kwenye diski yako, unasoma nakala hiyo, na kuanzia toleo la pili seva inakumbuka nani kachukua nini, kwahiyo wewe ukibadilisha ukalifunga, mabadiliko yanapanda na wenzako wanashtuliwa kwamba nakala zao sasa ni kiporo. Ila mkihariri wawili kwa pamoja, aliyefunga mwisho ndo kazi yake inabaki, ya mwenzie imeliwa.