Ripoti moja ya mpangaji haifungui kila mlango

Wapangaji wengi Marekani huamini kwamba wakishalipia ripoti moja ya uchunguzi (madeni, kazi, historia ya kufukuzwa nyumba), kila mwenye nyumba lazima aipokee. Sivyo. California, sheria iliyoanza Januari 2023 inamwachia mwenye nyumba hiari. Akikubali kuipokea, haruhusiwi tena kukutoza ada ya uchunguzi wala ya kuifungua ripoti. Kwa hiyo muulize kabla hujalipa. Hapa ndipo pesa za watu hupotea bure. Ripoti iliyozidi siku 30 haifai, na itumwe moja kwa moja na kampuni iliyoiandaa, maana PDF uliyoipakua mwenyewe hubadilishwa kirahisi. New York ni tofauti: ukileta nakala ya ndani ya siku 30, lazima akusamehe ada.