Mshelisheli Haukuanzia Karibiani

Karibu kila kundi ninalolitembeza katika Bustani ya Mimea ya Kingstown, kisiwani Saint Vincent, huwa na mtu anayesimama chini ya mwembe na kutangaza kwamba sasa ameuona msitu wa asili wa Karibiani. Kauli hiyo hunichosha kuliko nyingine zote, kwa sababu inafuta historia ya mahali penyewe. Bustani ilianzishwa mwaka 1765 ili kuotesha na kusambaza mimea ya dawa na ya biashara katika makoloni ya Uingereza. Mwembe asili yake ni Asia ya Kusini, mdalasini Sri Lanka, mkungumanga visiwa vya Banda. Mtu wa Unguja ataitambua miti hiyo kabla hajasoma kibao.

Mshelisheli nao ulitoka Tahiti, na hapo wengi huongeza kosa la pili kwa kudai kwamba uliletwa na meli ya Bounty. Mabaharia wa Bounty waliasi Aprili 1789, na miche ikatupwa baharini. Ni safari ya pili ya William Bligh, aliyekuwa nahodha wa Bounty, kwa meli ya Providence, iliyoifikisha miche Kingstown Januari 1793, kwa kuwa wenye mashamba ya miwa walitaka chakula rahisi cha kuwalisha Waafrika waliowafanya watumwa. Mshelisheli unaolimwa kwa kawaida hauna mbegu, bali huoteshwa kwa machipukizi ya mizizi; ndiyo maana bustanini huonyeshwa mti unaoelezwa kuwa ni uzao wa miche ile ile. Likiwapo jani bichi lililoangushwa na upepo, livunje kikonyo: utomvu mweupe utakunata vidoleni, na hutausahau mti huo.

Wengine huvuka mpaka upande wa pili na kudhani kisiwa hakina chake. Si kweli: kasuku wa Saint Vincent, Amazona guildingii, haishi porini penginepo duniani, na bustani ina vizimba vya kumtunza.

Dhana kwamba mbegu iliyoanguka ni ya mwokotaji nayo ni potofu, kwani mbegu na udongo huweza kuvusha wadudu na magonjwa hadi nchi nyingine. Iacheni ilipo. Fikeni asubuhi kabla ya jua kali, mkodi mtembezaji anayeijua miti kwa majina, na mwanze kwa kutazama magome, si maua.