Urafiki na Mungu si wa wachungaji na masheikh peke yao

Hapa Kigoma wengi huamini kwamba ukaribu na Mungu ni wa watu wa madhabahuni na mimbarini. Mtu wa kawaida huwapelekea wao shida zake ili wazifikishe. Imani hiyo inatokana na heshima, na kuombewa ni jambo jema. Ila maandiko yenyewe hayaweki mpaka huo. Fungua Yakobo 2:23: Ibrahimu, mfugaji aliyeishi kwenye mahema, anaitwa rafiki wa Mungu. Kurani 4:125 nayo inamtaja hivyo, na 2:186 inasema Mungu yu karibu, humjibu amwombaye. Zaburi 62:8 inawaambia watu wafunue mioyo yao mbele zake, bila kudai maneno ya kupangwa.

Kwa hiyo mama anayeanika dagaa Kibirizi anaweza kumweleza Mungu, kwa Kiha chake, kwamba wingu lile linamtia hofu na rejesho la kikundi ni Ijumaa. Hayo ni maombi kamili. (Kutulia kidogo baada ya kusema nako ni sehemu yake, na hapo ndipo wengi tunashindwa.)

Mtu akikuambia lazima upitie kwake, tena kwa malipo, muulize ni aya gani. Kisha kaisome mwenyewe, pamoja na zilizoitangulia na zinazoifuata.