Je, wajua kwa nini kuongeza kodeki kunaweza kuharibu video?

Faili ni lile lile na kompyuta ni ile ile. Ukilifungua kwa programu moja, picha inatoka safi na sauti inaenda na midomo. Ukilifungua kwa programu nyingine, weusi umekuwa kijivu, picha inakwamakwama, na maandishi ya tafsiri yanatokea mara mbili, moja juu ya jingine. Wengi hapo hulilaumu faili. Wengine husema kompyuta imezeeka, kisha wanapakua mkusanyiko mwingine wa kodeki, yaani programu ndogo za kubana na kufungua video, juu ya ule uliopo, na hali inazidi kuwa mbaya.

Kinachoniuma ni kwamba kuna watu wamefuta video za harusi na za wazazi wao wakidhani zimeharibika, kumbe faili lilikuwa zima kabisa. Kilichokuwa kibovu ni namna kompyuta ilivyokuwa ikilifungua.

Video haihifadhiwi kama picha kamili zilizopangwa moja baada ya nyingine. Picha moja ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, na kila pikseli inahitaji baiti 3 za rangi. Kwa mwendo wa picha 25 kwa sekunde, hiyo ni takriban megabaiti 155 kila sekunde, yaani kama gigabaiti 560 kwa saa moja. Kwa hiyo video hubanwa: picha chache huhifadhiwa nzima, na zile zinazofuata hurekodi tu kilichobadilika au kilichosogea. Kodeki ndiyo programu inayojua kubana hivyo na kuirudisha picha wakati wa kutazama. Mbinu za kubana ni nyingi: MPEG-2 ya miaka ya 1990, H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya mwaka 2013, AV1 ya mwaka 2018, na nyingine kadhaa. Herufi za mwisho wa jina la faili hazikuambii ni ipi iliyotumika, kwa sababu AVI, MP4 na MKV ni vyombo vya kubebea tu. Faili mbili za MKV zinaweza kuwa na mbinu mbili tofauti kabisa ndani yake, na ndiyo sababu moja hucheza vizuri na ya pili ikagoma.

Ugomvi kati ya kodeki hutokea zaidi kwenye Windows. Programu nyingi za kuchezea video huko, hasa za zamani, hazifungui video zenyewe. Huiachia kazi hiyo sehemu ya Windows iitwayo DirectShow. Kila kodeki inaposakinishwa hujiandikisha kwenye mfumo pamoja na namba ya kipaumbele. Ukifungua faili, DirectShow huunda mnyororo: kitu cha kutenganisha picha na sauti, kodeki ya picha, kodeki ya sauti, na mwisho kitu cha kuonyesha kwenye skrini. Pale ambapo kodeki mbili au tatu zinaweza kufanya kazi moja, huanza na yenye namba kubwa na kuchukua ya kwanza inayokubali kuunganishwa. Ubora wa picha itakayotoka haukaguliwi popote katika safari hiyo.

Tena namba hiyo huwekwa na aliyetengeneza kodeki. Ni kama mtihani ambao kila mwanafunzi anajiandikia alama zake mwenyewe. Ukisakinisha mikusanyiko mitatu, kila mmoja unaweza kujipandisha juu ya uliotangulia, na kodeki nzuri iliyokuwa ikifanya kazi kimya kimya inawekwa pembeni bila wewe kuambiwa. Kuanzia Windows 7, Microsoft iliongeza orodha yake ya kodeki zinazopendelewa kwa baadhi ya miundo, nayo huzipita namba hizo. Basi hata aliyezoea kurekebisha namba kwa mkono anaweza kubadilisha kila kitu asione tofauti yoyote.

Dalili zina lugha yake, na ukiijua unaokoa muda mwingi.

Weusi unapoonekana kijivu na picha nzima kama imepauka, tatizo huwa ni viwango vya mwanga. Video nyingi huhifadhi mwanga kati ya namba 16 na 235, ilhali skrini ya kompyuta hutumia 0 hadi 255. Lazima mmoja katika mnyororo afanye ubadilishaji. Kodeki ikidhani kazi hiyo itafanywa na kadi ya michoro, na kadi nayo ikidhani imeshafanywa na kodeki, hakuna anayeifanya, na weusi unabaki kwenye 16. Wakiifanya wote wawili, mambo hugeuka: sehemu za giza zinazama, na nywele na nguo nyeusi zinakuwa doa moja lisilo na mikunjo. Kwa macho yangu hili ndilo kosa linalovumiliwa na watu wengi zaidi, kwa sababu picha bado inaonekana na mtu huzoea.

Maandishi ya tafsiri yakitokea mara mbili, kuna vitu viwili vinavyoyachora, mara nyingi programu yenyewe pamoja na kichujio, yaani kipande cha programu kinachoichakata picha njiani, kilichokuja na mkusanyiko wa kodeki. Picha laini kupita kiasi, yenye nyuso kama za nta, mara nyingi imepitishwa kwenye kichujio cha kulainisha ambacho haikukihitaji. H.264 tayari ina hatua yake ya kulainisha mipaka ya vipande vya picha, hivyo kuongeza nyingine juu yake hufuta maelezo madogo. Rangi za kijani au zambarau zilizotapakaa huonyesha kwamba kodeki na sehemu ya kuonyesha hazikuelewana kuhusu mpangilio wa rangi.

Kukwamakwama kunahitaji uangalifu zaidi. Kadi za michoro za kisasa zina sehemu maalumu ya kufungua video, lakini kodeki iliyoshinda kipaumbele inaweza kuwa isiyoitumia, na mzigo wote ukaangukia prosesa kuu. Fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mzigo wa kila sehemu ya kompyuta, wakati video inacheza. Prosesa ikiwa imepanda sana huku kadi ya michoro ikiwa haina kazi, umepata pa kuanzia. Zipo pia video za H.264 zilizobanwa kwa biti 10 za rangi badala ya 8, ambazo sehemu maalumu za kadi nyingi haziwezi kuzifungua. Hapo mzigo kurudi kwa prosesa si ugomvi wa kodeki, na hakuna mkusanyiko utakaobadilisha kadi yako.

Kabla hujagusa chochote, pata ushahidi. Cheza faili hilo kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video. Programu hiyo hubeba kodeki zake yenyewe na haitegemei zile zilizojiandikisha kwenye Windows, kwa hiyo ni shahidi asiyehusika na ugomvi. Picha ikiwa safi humo, faili ni zima na tatizo liko kwenye kodeki za mfumo. Ikiharibika humo pia, mahali pale pale kila mara, zima kwanza matumizi ya kadi ya michoro kwenye mipangilio ya VLC na ujaribu tena. Ikibaki vile vile, faili lenyewe limeharibika au lilibanwa kupita kiasi tangu mwanzo. Vipande vya mraba vinavyotapakaa kwenye maji, moshi au umati wa watu kwa kawaida ni dalili ya kubanwa kupita kiasi, na kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi.

Kisha lifungue faili kwa MediaInfo, programu ya bure inayoonyesha mbinu iliyotumika, ukubwa wa picha na idadi ya biti. Sasa unajua unatafuta kodeki ya nini, hukisii tena.

Tiba ni kupunguza. Weka kwanza alama ya kurejesha mfumo (restore point), ili uweze kurudi ulipokuwa, kisha ondoa mikusanyiko yote ya kodeki kupitia orodha ya programu zilizosakinishwa, na uwashe kompyuta upya. Usifute faili za kodeki kwa mkono kwenye folda za Windows. Ukifanya hivyo jina la kodeki linabaki kwenye rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, huku yenyewe haipo, na DirectShow itaendelea kuiita. Baada ya kuwasha upya jaribu tena, maana mara nyingi kilichokuja na Windows kinatosha. Kama bado unahitaji kitu, sakinisha kimoja tu, kutoka kwa watengenezaji wake wenyewe. Usikubali ukurasa unaokuambia upakue kodeki fulani ndipo uone video. Zlob, programu hasidi iliyogunduliwa mwishoni mwa mwaka 2005, ilienea kwa hila hiyo hiyo ya kujifanya kodeki ya video.

Angalia pia kama programu yako ni ya biti 32 au 64. Ya biti 64 haiwezi kutumia kodeki ya biti 32, wala ya biti 32 kutumia ya 64. Kwa sababu hiyo mtu husakinisha kodeki sahihi kabisa na bado anaona skrini nyeusi. Programu ya video inayokuja na Windows 10 na 11 nayo ina njia yake: haitumii DirectShow bali mfumo mwingine uitwao Media Foundation, na nyongeza zake, kwa mfano ya H.265, hupatikana Microsoft Store. Mkusanyiko wa kodeki za DirectShow hauisaidii.

Na video za mtandaoni unazotazama ndani ya Chrome au Firefox? Vivinjari hivyo havitumii kodeki za DirectShow. Picha ikiwa mbaya humo, acha kodeki zako kama zilivyo, angalia kasi ya intaneti na ubora wa picha uliochaguliwa, kisha zima matumizi ya kadi ya michoro kwenye mipangilio ya kivinjari uone kama kuna mabadiliko.