Je, wajua kwa nini dawa ya baa inakuja na kijiti ndani ya glasi?

Kwanza tuelewane, siongelei ile dawa ya moto ya tangawizi, limau na asali unayoagiza ukiwa na homa, naongelea ile pombe ya baridi yenye vodka, ndimu na asali. Nairobi usiposema unataka ipi unaweza kuletewa kikombe kinafuka mvuke na wewe koo lilishajiandaa kwa barafu. Hii ya baridi ilipata umaarufu pale Carnivore, ile hoteli ya nyama choma ya Lang'ata iliyofunguliwa 1980, na ni binamu wa caipirinha ya Brazil, ila wao wanatumia cachaça, pombe ya miwa, na sukari, huku ikaingia vodka na asali.

Sasa asali ndo ilileta kijiti. Asali ikikutana na barafu inakaza, ukiimimina tu inashuka chini inalala hapo kama gundi, unakunywa ukali na uchachu mpaka karibu na mwisho ndo unakutana na utamu wote kwa mpigo. Kwa hiyo inazungushiwa kwenye kijiti cha mbao, unakoroga mwenyewe inayeyuka pole pole, ukiona tamu imetosha unakitoa.

Lakini kazi nyingine ya kijiti, na kwangu ndo kubwa zaidi, ni kuponda ndimu. Mimi zamani nilikuwa nakamua maji natupa maganda, halafu nashangaa mbona yangu ni kama juisi iliyomwagikiwa pombe. Kumbe harufu yote iko kwenye ganda! Chukua ganda, libinye karibu na moto wa mshumaa, utaona cheche zinaruka, hayo ni mafuta. Mafuta hayakubaliani na maji lakini kwenye pombe yanayeyuka vizuri tu, ndo maana vodka, ambayo yenyewe haina harufu ya maana, inatoka pale inanukia ndimu mpaka puani.

Nyumbani fanya hivi: ndimu moja (ndimu, sio limau kubwa lenye ganda nene) ioshe, kata vipande sita, tupia kwenye glasi na kijiko cha chai cha sukari, chembe zake zinakwaruza ganda. Ponda mara tano sita kwa mpini wa mwiko basi, ukitwanga kama kisamvu ile nyama nyeupe inatoa uchungu. Na glasi iwe na kitako kizito tafadhali, mimi nilishatoboa moja nikaosha meza kwa vodka. Jaza barafu, mimina vodka mililita 50, chovya kijiti kwenye asali, koroga.

Usiyekunywa pombe tumia soda water, ila kwa vile hakuna kitu cha kuyeyusha yale mafuta, ponda maganda na sukari mapema uyaache nusu saa hivi, sukari itayavuta yenyewe.