Mapambo ya mbao za mabaki: kausha kwanza, kisha piga msasa mpaka ukweli utoke

Watu wanaotaka kujitengenezea mapambo ya nyumbani huniuliza swali moja kuliko mengine yote: mbao gani ya bei nafuu inapendeza? Mimi ni seremala, na jibu langu ni kwamba karibu kila mbao inapendeza. Kinachoifanya rafu au fremu ionekane ya ovyo ni mbao iliyotumiwa ikiwa bado na maji ndani, au msasa uliopitishwa dakika mbili na kuachwa. Kurekebisha mambo hayo mawili hakuongezi gharama. Kunataka siku chache na mkono usiochoka.

Mbao yenyewe tafuta kwenye vitu vilivyokwisha kazi. Droo za kabati bovu ni hazina, kwa sababu zimekaa ndani ya nyumba miaka mingi na hazina unyevu wa kukusumbua. Mabaki ya karakana yanafaa kwa fremu na vinara vya mishumaa. Halafu kuna paleti, zile jukwaa za mbao zinazobebea mizigo, ambazo watu wengi huanza nazo bila kuzisoma.

Paleti husomwa. Zile zinazovuka mipaka ya nchi hugongwa muhuri wenye picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba ya mtengenezaji na alama ya njia iliyotumika kuua wadudu. Ukiona HT, mbao ilipashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi na kukaa hapo dakika 30 au zaidi, ili wadudu wafe. Hiyo chukua. Ukiona MB, ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu. Hiyo mimi siiingizi ndani ya nyumba wala siipigi msasa. Lakini HT haikuambii paleti ilibeba nini baada ya hapo. Inuse. Ikiwa na doa la mafuta, harufu ya kemikali au ubichi wa ukungu, iache ilipo, hata kama unapewa bure.

Kuibandua, usipige nyundo kwa hasira. Misumari ya paleti ina mikunjo inayoshika mbao, na ubao hupasuka kabla msumari haujatoka. Kata misumari kwa blade ya kukatia chuma iliyopitishwa katikati ya ubao na mti unaoubeba. Vichwa vilivyobaki vinaacha alama nyeusi za kutu, nami huziona kama sehemu ya uzuri wa mbao hizo.

Sasa kukausha. Mbao haiachi kuvuta na kutoa unyevu hata ikiwa imekatwa zamani. Inapokauka hupungua kwa upana wake, lakini kwa urefu haipungui kiasi cha kuonekana. Jambo hilo moja linaeleza karibu kila ufa utakaouona kwenye kazi yako. Niliwahi kutengeneza pambo la ukutani la mbao tano zilizolala kando kwa kando, nyuma nikazibana kwa gundi na vipande viwili vilivyokwenda kinyume cha nyuzi. Lilitoka zuri. Baada ya miezi michache ya hewa kavu zile mbao tano zilitaka kupungua upana, vile vipande vya nyuma vikakataa, na pambo likapasuka katikati kwa sauti niliyoisikia nikiwa chumba kingine. Siku hizi vipande vya nyuma navishika kwa skrubu tu, na tundu la skrubu nalitoboa refu kidogo kwa kufuata upana wa pambo, ili mbao ipate nafasi ya kwenda na kurudi.

Utajuaje kwamba imekauka? Huhitaji kifaa cha bei. Weka kipande kwenye mizani ya jikoni, andika uzito, kiweke ndani ya nyumba mahali penye hewa, na upime tena kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, mbao imepatana na hewa ya nyumba yako. Panga mbao zako zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite juu na chini. Ubao unaopata hewa upande mmoja tu hujikunja kama jani.

Na wale wanaopenda vipande vya mviringo vilivyokatwa kwenye gogo, kwa ajili ya kuwekea mishumaa au kutundika ukutani: kipande cha gogo bichi kitapasuka, na si kosa lako. Mbao hupungua kwa kuizunguka miviringo yake ya miaka karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Mzingo unabana kuliko kipenyo, na lazima kitu kiachie. Tumia gogo lililokaa kavu muda mrefu, au ukubali ufa na kuupenda.

Kwenye msasa ndiko ninakowapoteza wengi, na ndiko ninakopapenda zaidi. Anza na msasa namba 80, wenye chembe kubwa, nenda 120, malizia 180, wenye chembe ndogo. Kila namba ina kazi ya kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, kwa hiyo ukiruka moja, mikwaruzo ya 80 itabaki imejificha mpaka siku ya kupaka rangi, na hapo itajitokeza yote. Chora mistari hafifu ya penseli juu ya ubao mzima kabla ya kila namba. Mistari ikiisha yote, umepita kila mahali. Fuata nyuzi za mbao, kamwe usizikate. Mwishoni futa ubao kwa kitambaa kibichi, uuache ukauke, na utaona vinyweleo vimesimama. Viondoe kwa kupitisha msasa mwepesi wa 220. Ukiruka hatua hiyo, rangi ya maji itavisimamisha na kazi yako itakwaruza mkono. Vaa barakoa muda wote. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la msasa ndilo jembamba kuliko yote.

Kuhusu fremu nitasema kidogo. Kata vipande viwili vinavyoelekeana kwa pamoja ili vilingane kabisa. Fremu isiyofunga pembeni mara nyingi ina tatizo la urefu, si la pembe. Ncha ya ubao hunywa gundi, kwa hiyo paka mara moja, subiri dakika chache, paka tena ndipo uunganishe. Kama huna vibanio, zungushia kamba na uikaze kwa kusokota kijiti.

Rangi ya kizee, ile ya kijivu inayopendwa, unaweza kuitengeneza mwenyewe. Chukua sufi ya chuma ya kusugulia, ile inayoshika kutu, ioshe kwa sabuni, iloweke kwenye siki ndani ya chupa ya kioo usiyoifunga kwa nguvu, kwa sababu gesi hutoka. Baada ya siku chache chuja. Paka ubao chai kali ya rangi, uache ukauke, kisha paka maji yale ya chuma. Tanini, kile kitu kikali kinachokaza ulimi kwenye chai, inakutana na chuma na mbao inakuwa ya kijivu hadi nyeusi mbele ya macho yako. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki ya mbao ileile, maana kila mti una tanini yake.

Ukimalizia kwa mafuta ya kitani, tafadhali sana angalia vitambaa ulivyopakia. Mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni na hutoa joto. Vitambaa vikirundikwa, joto linanaswa ndani na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje mpaka viwe vikavu na vigumu.

Kutundika rafu, pasua ubao mmoja kwa urefu kwa mshazari wa nyuzi 45. Nusu moja ipige skrubu ukutani, mshazari ukitazama juu na ukingo wake mrefu ukiwa mbali na ukuta. Nusu ya pili iweke nyuma ya rafu, imegeuzwa, ukingo wake mrefu ukiwa chini upande wa ukuta. Rafu inakaa juu ya mtego huo, uzito wake wenyewe unaivutia ukutani, na siku ya kupaka ukuta rangi unainyanyua tu.